Mkanda wa Babu Fundi

Babu Fundi alikuwa na ngiri. Akisimama muda mrefu, uvimbe kama limau ulijitokeza kwenye kinena chake cha kulia. Akilala chali, ulirudi ndani wenyewe. Kwa kuwa alikuwa fundi wa nguo mwenye cherehani yake, akajishonea mkanda wenye kimto cha pamba, akaubana uvimbe huo miaka na miaka.

"Baba, nenda hospitali wakaushughulikie," binti yake alimsihi.

"Mwanangu, nguo ikifumuka mimi siiti mtu. Naishona mwenyewe."

Asubuhi moja uvimbe ulikataa kurudi. Ulikuwa mgumu na unauma. Babu Fundi akakaza mkanda. Akatapika. Akaukaza tena.

Binti yake akatoka mbio kumwita jirani yao, muuguzi. Muuguzi alipoingia tu, akaufungua ule mkanda.

"Mzee, usiusukume, usiukande. Usile wala usinywe kitu. Humo ndani kuna kitu kimenaswa, damu haikifikii. Kikioza, sumu inasambaa tumboni. Na nyinyi wazee wakati mwingine hamsikii hata maumivu makali, kumbe hali ni mbaya."

"Kitu gani?" Babu Fundi aliuliza huku akiugulia. Hata hapo alitaka kujua.

"Mara nyingi ni utumbo. Daktari ndiye atakayeona. Twende sasa hivi!"

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Alipozinduka, akauliza swali lilelile. Daktari akacheka.

"Kidole tumbo, Babu! Kile kijipande cha utumbo, chembamba kama kidole. Kilijipenyeza kwenye ngiri, kikabanwa, kikaanza kuoza. Ni nadra sana. Tumekitoa, na tundu kilipopenyea tumelishona. Ungechelewa kidogo tu, tungekupoteza."

Babu Fundi aliogopa kwelikweli. Lakini udadisi ukamshinda.

"Sasa kilifuata nini huko?"

Alipopona, alirudi kwenye cherehani yake, mwepesi, bila maumivu. Rafiki yake fundi viatu alikuja kumjulia hali. Babu Fundi akamsimulia yote: uvimbe mgumu, kutapika, kidole tumbo kilichopotea njia. Alitegemea kicheko. Fundi viatu hakucheka. Alichungulia mlangoni, akasogeza kiti, akanong'ona:

"Mwenzangu, mimi ninazo ngiri mbili."

Babu Fundi akaiacha suruali ya mteja papo hapo, akavaa viatu.

"Inuka. Twende wakatuambie wewe umeficha nini humo."