Samli kwenye Shoku

Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, Kinsi alilala chali chini ya pikapu ya baba yake akiwa na mswaki mkuukuu na kopo la maji. Kazi yake ilikuwa kusugua tope kwenye shoku nne, zile nguzo za chuma kando ya springi zinazozuia gari kurukaruka. Kila shoku ilikuwa na kifundo cha kuzungusha, chenye namba moja hadi nane. Namba ndogo iliilainisha, namba kubwa iliikaza.

Baba yake, Jillo, alibeba maziwa ya akina mama wa kijiji chao, upande wa Chara, hadi Garsen. Mafuriko yalipoiharibu barabara, alitaka kununua shoku ngumu kabisa kama alizoziona kwenye gari la mwenzake. Fundi Diba wa Garsen alimkataza. Alimwuliza anakwenda na mzigo gani na kurudi na mzigo gani, kisha akamchagulia hizi za kurekebisha: tatu gari likiwa tupu, saba likiwa na mzigo, na kulia kulingane na kushoto. Alisisitiza zioshwe kwa maji na mswaki, zisipakwe chochote.

Lakini Kinsi alichoka kusugua. Bibi yake alipaka samli kila kitu kilichokauka: mikanda ya ngozi, vibuyu, hata visigino vya wajukuu. Basi Kinsi naye akakipaka samli kifundo cha nyuma kulia. Kwa siku mbili kilizunguka vizuri ajabu. Siku ya tatu, Jumamosi, vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama saruji.

Siku hiyo baba yake alikuwa akipakia madumu ya maziwa, akamwagiza aweke saba zote. Vifundo vitatu vilizunguka. Cha nyuma kulia kilibaki kwenye tatu, hata vidole vilipoanza kumwuma. Hapo ndipo jirani yao, Mama Batula, alipofika mbio. Habon, dada yake Jillo, alikuwa na uchungu tangu usiku, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya. Apelekwe hospitali mara moja.

"Kinsi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zote saba?"

"Zote, Baba."

Habon aliketishwa mbele. Kinsi na Mama Batula walipanda nyuma pamoja na madumu.

Barabara ilipita juu ya tuta, maji yametanda pande zote mbili. Kwenye shimo la kwanza gari liliinama kulia. Kwenye la pili lilikawia kuinuka, gurudumu likakanyaga ukingo, na udongo ukaporomoka majini. Mama Batula aling'ang'ania ubavu wa gari, akasema hata fahali wake kilema anatembea vizuri kuliko hili. Hakuna aliyecheka. Kutoka mbele walimsikia Habon akilia.

Kinsi aliiona ile sehemu ambapo tuta lilikuwa jembamba kuliko kote. Baba yake angepita pale akiamini shoku zote zimekazwa. Kinsi akaanza kupiga paa la kebini kwa viganja vyote viwili.

Gari likasimama. Jillo akashuka.

"Baba, nilikudanganya," Kinsi alisema. "Ya nyuma kulia iko tatu. Niliipaka samli, imekwama."

Jillo alimtazama, kisha akatazama mlango wa upande alioketi Habon. Hakumgombeza. Alijilaza chini, akajaribu kwa koleo, akaacha kwa kuogopa kukivunja kifundo. Akazirudisha shoku nyingine kwenye tatu ili zote zilingane. Lakini zikiwa laini hivyo, gari lisingehimili mzigo. Akamgeukia Mama Batula, ambaye naye alikuwa na madumu mawili humo.

"Teremsha," Mama Batula alisema. "Jioni tutakamua tena."

Waliyashusha madumu yote kumi na mawili. Gari tupu likaenda taratibu, likapita pale pembamba bila kuyumba, likatoweka.

Kinsi na Mama Batula walibaki kuyalinda maziwa. Jua lilipanda. Walifunika madumu kwa leso, wakaimwagia maji, lakini kufikia adhuhuri harufu ya kuchacha ilianza. Mama Batula aliuliza neno moja tu: kama si yale mashimo, Kinsi angesema lini? Kinsi akazidi kuimwagia leso maji.

Alasiri pikapu ilirudi. Jillo alisema Habon amepasuliwa na kujifungua mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima, lakini daktari alisema wangechelewa zaidi, mambo yangekuwa mengine. Kinsi alilia kwa kwikwi.

Jillo alichuchumaa mbele yake.

"Uliambiwa usipake, ukapaka. Hilo limekwisha: nilipita kwa Diba, akakiosha kifundo kwa maji moto na sabuni. Lakini uliposema saba, ulinifumba macho nikiwa nimeshika usukani. Ukiharibu kitu, mwanangu, niambie kabla sijawasha gari. Nitakasirika, halafu tutatengeneza pamoja."

Jioni hiyo Kinsi alipita nyumba kwa nyumba, akamweleza kila mama kwa nini maziwa yake yalichacha.