Daftari la Waliofika Hai

Jumatatu, saa saba mchana, ofisi ya kumbukumbu ya hospitali ilianza kunuka mpira ulioungua. Karani alinusa soketi, akanusa feni, akanusa mpaka viatu vyake, maana alikuwa mtu wa kujishuku yeye kabla ya kumshuku mwingine. Hakuna kilichoungua. Alipofungua daftari la majeruhi wa barabarani, harufu ikampanda puani.

Jumanne zikaja hatua. Mguu mmoja ulivaa kiatu, wa pili ulikuwa peku: ko, pa, ko, pa, kutoka mlangoni hadi mezani kwake, kisha kimya, wala hapakuwa na mtu. Jumatano hazikuwa za mtu mmoja tena. Zilikuja nyingi, zikakokota, zikapishana, zikaizunguka meza yake, na hewa ikawa nzito kwa pumzi za watu asiowaona, wote wakiinama juu ya daftari lile kana kwamba wanatafuta kitu chao, naye amekaa na kalamu mkononi, jasho likimtiririka, hathubutu hata kumeza mate.

Kazi yake aliipenda, tena kwa majivuno. Kila mwezi mumewe, mhandisi wa barabara, alichukua hesabu za daftari hilo, na palipoonekana majeruhi wengi pakawekwa matuta na kivuko. Ni mumewe aliyemwelekeza miaka minne nyuma: "Andika waliofika hai tu, mke wangu. Waliofika maiti wana daftari lao huko chini, nalo nalichukua mwenyewe. Tusije tukahesabu mtu mara mbili." Naye akamwamini. Asipomwamini mume, amwamini nani?

Alhamisi akashuka kwa mzee wa chumba cha maiti, ambaye hospitali nzima ilisema anaelewana na majini, labda kwa kuwa na walio hai hakuelewana. Mzee alipanda na daftari lake kwapani, akafika mlangoni, akakataa kuingia.

"Mwanangu, hawa siwezi kuwafukuza," alinong'ona. "Nawajua. Nimewaosha kwa mikono yangu."

"Wote?"

"Wote kumi na tisa. Ni wa kona ya tangi la maji. Wewe wa kona ile umeandika wangapi?"

Karani alipekua mwaka mzima. "Wawili."

"Basi wenzao wamekuja kuandikwa."

"Lakini si wamo kwenye daftari lako? Mume wangu si hulichukua?"

Mzee akamwangalia kwa huruma. "Hajawahi kulichukua. Nilimpelekea mwenyewe ofisini, akanirudisha nalo. Akasema nisimwambie mtu, hasa wewe. Kona ile kaichora yeye, mwanangu."

Karani akamkumbuka mtoto. Binti yao wa miaka saba alipita kona ile kila siku kwenda shule. Haikuwa na tuta hata moja, kwa sababu hesabu zilisema ni salama, na hesabu zilikuwa kwa mwandiko wake. Alidanganywa, kisha akatumiwa kudanganya. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

Akaketi akaandika. Mzee alisoma majina kutoka mlangoni, yeye akayanakili, na kila jina lilipokamilika, hatua za mtu mmoja zilitoka taratibu. Jina la kumi na tisa lilipoingia, harufu ikakatika. Karani akalia kwa sauti, kisha akampigia mumewe. "Nimewaandika wote," akasema, na kukata.

Mhandisi alifika kabla wino haujakauka vizuri. Hakukana.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Nikuulize wewe?"

"Unataka nifukuzwe kazi? Unataka kutuua kwa njaa?"

Akauchana ukurasa ule, akaukunja, akautia mfuko wa shati. "Tutaongea nyumbani. Nawahi kumchukua mtoto."

Hatua zikarudi zote kwa mpigo. Safari hii hazikusimama mezani. Zilimpita karani zikimgusa mabega kwa ubaridi, zikamfuata mumewe kwenye korido. Dirishani akaona gari likibonyea nyuma, likabonyea tena, na tena, mpaka tumbo likakaribia kugusa ardhi. Mumewe aliwasha akaondoka bila kugeuza shingo. Karani alipiga kelele, lakini vioo vya gari vilikuwa juu.

Simu yake haikupokelewa mara nne. Mara ya tano ilipokelewa na mtoto.

"Mama, baba kasema hataki kuongea na wewe."

"Mwambie asimamishe gari! Sasa hivi!"

"Nimemwambia gari limejaa, anasema nisimletee utani. Mama, mimi nimepakatwa."

"Na nani?"

Mtoto akamuuliza mtu kwa sauti ya chini, akarudi.

"Anasema jina lake liko mfukoni kwa baba."

"Mwanangu, mko wapi?"

"Naliona tangi. Kanikumbatia kwa nguvu, mama, ana baridi. Anasema nisiogope, atanishika mimi tu."