Vifungo Visivyowahi Kufunguliwa

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipomshika binti yangu mkono kumpeleka kwa fundi cherehani, akavuliwe sweta.

Ndiyo, sweta. Mwanamume mzima na nguvu zangu zote, nilikuwa nimeshindwa na kifungo.

Na kifungo chenyewe nilikichimba mimi. Tangu ninunue mashine ya kutafutia vyuma ardhini, wenzangu wanaokota pete na sarafu za zamani, mimi naokota vifungo. Mashine ikilia piiii, moyo unaruka, nachimba mpaka kiuno kinagoma... kifungo! Wiki hii nilivikuta vingi mahali pamoja, kwenye kiwanja kilichotelekezwa nyuma ya kiwanda. Nikavisugua kwa siki na mswaki, nikavitia kwenye kopo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi akachukua kimoja, akakishona kwenye sweta la shule la mtoto, akamfunga mwenyewe. "Angalau kimoja kimepata kazi," akasema, akaenda zake zamu hospitalini.

Mtoto aliporudi shule, sweta likakataa kufunguka.

Nilivuta. Nilitumia koleo. Kulikata sikutaka, sweta la shule ni ghali. Nilijaribu kulipitisha kichwani, likanasa shingoni. Mke wangu nampigia, hapatikani.

"Baba, linanibana," Chiriku akalia. Tunamwita hivyo kwa sababu haishiwi maneno. "Linazidi kunibana."

Kweli lilikuwa linazidi.

Fundi tunamwita Bibi Pindo, maana hakuna suruali mtaani ambayo hajaipinda. Tulimkuta anafunika cherehani. Duka lilinukia mafuta ya mashine na nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mnahema hivyo?"

Nikamweleza, nikamwaga mezani kopo lote la vifungo nililokuja nalo. Aliokota kifungo kimoja. Hakuangalia upande wake wa mbele. Alikigeuza, akakisogeza kwenye taa, akaangalia mgongo.

"Ni vya askari?" nikauliza.

"Hapana."

"Vya koti la kizamani?"

"Nyamaza kwanza, baba."

Ninyamaze! Mtoto anahangaika na pumzi, naambiwa ninyamaze.

"Ona kitanzi hiki cha kupitishia uzi," akasema. "Kifungo kinachofungwa na kufunguliwa hulika hapa. Hivi havijalika hata kimoja. Vilifungwa mara moja tu."

Akakirudisha mezani.

"Ulivikuta vimekaaje?"

"Vimejipanga. Mstari mmoja, toka juu mpaka chini."

"Na nguo?"

"Ilishaoza."

"Na mwenye nguo?"

Sikuwa nimeona hata mfupa.

Bibi Pindo alivisukuma vile vifungo mbali naye kwa rula, si kwa kidole. Akashusha sauti.

"Marehemu mama alishawahi kunisimulia. Vazi la namna hiyo si la kumvika mtu. Ni la kufungia kitu kisitoke. Na aliyelifunga ndiye anayelifungua, mkono mwingine haukubaliwi. Nani alimfunga mtoto?"

"Mama yake."

"Basi tumsubiri. Usije ukakata."

"Nisubiri nini, bibi? Mtoto anakata roho!"

Chiriku alikuwa ameacha kulia. Midomo ilishabadilika rangi. Nikahisi hasira zinanipanda mpaka utosini. Nilikuwa nimechoka na mashine, nimechoka na vifungo, nimechoka kuchekwa nyumbani, na sasa bibi huyu ananinong'onezea hadithi huku mwanangu anaishia mikononi mwangu. Nikakwapua mkasi.

"Usikate!"

Nikakata. Mgongoni, toka chini mpaka shingoni.

Kraaa...

Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani.

Mtoto akatoka. Akavuta pumzi ndefu, akanirukia shingoni. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamgeukia Bibi Pindo nimwambie, unaona?

Hakuwa ananiangalia mimi.

Sweta lilikuwa mezani, limepasuliwa mgongo mzima. Lakini halikusinyaa. Kifua chake kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kinapanda... kinashuka... kinapanda...

"Baba?"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Ilitoka mezani.

"Baba, mbona umeniacha?"

Niliingiza mkono kwenye ule mpasuko. Nikagusa sufi, basi. Na yule niliyembeba akazidi kukaza mikono shingoni mwangu. Ilikuwa ya baridi.

Bibi Pindo alitusukuma nje sote watatu, kama ni sawa kuhesabu hivyo, akapiga komeo. Nilibisha sana. Hakuitika.

Sasa niko nyumbani, sweta nimelipakata. Linahema taratibu, kila mara taratibu zaidi. Nimehangaika na kifungo mpaka kucha zinatoka damu, hakitikisiki. Zamu ya mke wangu imeshakwisha, yuko njiani. Namwomba Mungu awahi. Sijui nitamwambia nini, wala sijui akikifungua yeye tutapata nini, lakini sina tumaini jingine.

Yule mtoto ameketi mbele yangu, ananitazama. Hajasema neno tangu tutoke kwa fundi. Nimemuuliza jina lake, akatabasamu tu. Sasa hivi ameinuka, akarudi toka jikoni na kiberiti, akakaa karibu yangu, akaliangalia sweta.

"Baba," amesema polepole, "tulichome kabla mama hajafika."