Sauti Katika Biro ya Noella

Harufu ndiyo iliyotangulia: tope la ziwa, ndani ya biro, ofisi yake yenye madirisha yaliyofungwa, mchana wa jua kali la Uvira. Noella akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Sakafu ilikuwa kavu.

Noella alikuwa mtaalamu wa takwimu katika utafiti wa kipindupindu. Alisomea Kinshasa, akarudi kwao kupima kama wagonjwa wanaponywa na dawa mpya au wanapona kwa bahati tu. Mume wake Léopold, muuguzi wa utafiti huohuo, alichukuliwa na mafuriko ya mto Mulongwe. Mwili haukuonekana.

Kesho yake sauti ikamwita nyuma ya kiti. "Noella. Ni minye, Léopold."

Alilia, hakukimbia. Akaiuliza walikutana wapi, ikajibu. Akaiuliza wimbo wa harusi yao, ikauimba. Tangu hapo akawa anajifungia humo, wenzake wakidhani anapiga hesabu, kumbe anazungumza na marehemu, na kila alipotoka blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni na mikono yake imepoa kama ya mtu aliyeopolewa majini, wala hakujali, mpaka sauti iliposema, "Ulete Merdi ku ziwa. Namutamani mutoto wangu."

Akakimbilia kwa Claire, dada ya Léopold, mwombaji wa chumba cha sala, kikundi cha maombi.

"Mama Merdi," Claire alinong'ona, "ile kitu haiko kaka yangu. Ni jini."

"Inajibu kila kitu namuuliza!"

"Vitu gani? Vyenye weye unajua? Basi imeingia mu kichwa yako."

Mtaalamu wa takwimu kama Noella alipaswa kuliona hilo mapema: jibu analolijua mwenyewe halithibitishi kitu.

Wakarudi biro pamoja, Claire akiomba kwa sauti ya chini. Harufu ya tope ikawapokea mlangoni.

"Léopold," Noella alisema, "utotoni mama yako alikuwa anakuita jina gani?" Yeye mwenyewe hakulijua.

Kisha pumzi nzito, yenye maji, ikazunguka kiti, ikampekua Noella kichwani kama vidole vya baridi vinavyotafuta kitu mfukoni, vikarudia, vikarudia, visipate.

"Toka," Noella akasema, sauti ikimkatika. "Weye haiko bwana yangu."

Kioo cha dirisha kikapasuka. Harufu ikaisha.

Nje, Claire akamkumbatia. "Mama alikuwa anamuita—"

Noella alitamani kulisikia kuliko kitu chochote duniani. Akamziba mdomo.

"Usiniambie, wifi. Nikilijua minye, ile jini ikirudi nayo italijua."