Injini Mpya ya Lamwaka

Haya yalimpata rafiki yangu Lamwaka, fundi wa magari kule Makindye, na mwenyewe hapendi yasimuliwe.

Gari lake la kupandia miamba lilikuwa limemzimikia katikati ya jabali, likarudi kinyumenyume na kumvunja mkono. Wenzake wakamsihi aachane na mchezo huo. Mkono ulipopona, yeye akanunua injini na giaboksi za gari lililopinduka na kumuua dereva wake, akazifunga kwenye gari lake akisaidiwa na Mugisho, fundi mwenzake kutoka Kongo.

Siku ya kuliwasha, mvua ilikuwa imetia giza gereji nzima na umeme umekatika. Mugisho alikuwa anakuja na betri, ameikumbatia, waliposikia gia ikiingia: kla! Kisha injini ikaanza kunguruma polepole mle gizani.

"Dada, betri ninayo mimi!" Mugisho alisema huku akirudi nyuma. "Tuitoe hii kitu."

"Haitoki," Lamwaka akajibu. Akapanda, akashika usukani. "Umesikia wewe? Aliyekuendesha zamani ameshaondoka. Hapa dereva ni mimi!"

Injini ikanyamaza. Ikabaki mvua tu juu ya mabati. Lamwaka hakushuka. Akanyoosha mkono gizani, akakamata kirungu cha gia. Kilikuwa na joto, na chini ya kiganja chake akahisi vidole vikijisogeza, kimoja kimoja, vikimpisha.