Waya Uliopita Chini ya Ukuta

Kwanza futa hicho kicheko. Ndiyo, wewe. Nimeshakuona unavyobinua mdomo hata sijafungua wangu. Mnakuja kwangu kutaka habari za kutisha, mnakunywa chai yangu, halafu mkifika barabarani mnasema bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini macho yangu hayakuishia huko. Nyumba ninayoisema ipo. Mlingoti upo. Mdogo wangu yupo. Anayebisha aende akapige hodi kwenye kile chumba jioni yenye mawingu. Akijibiwa na sauti moja tu, arudi anicheke.

Haya.

Mdogo wangu aliolewa na mtu wa redio. Si mtangazaji, usinikatize. Yule alikuwa na mtambo wake mwenyewe chumbani, na leseni ya serikali ukutani ndani ya fremu, na kila jioni kazi yake ilikuwa kuongea na watu asiowajua. Watu wa nchi za theluji. Mabaharia. Mmoja alikuwa mlinzi wa mnara wa taa kisiwani huko mbali, wakikutana hewani wanaulizana hali ya hewa. Hali ya hewa! Mkewe amekaa sebuleni, sahani imepoa, yeye anamwuliza mtu wa mwisho wa dunia kama kwake kuna upepo. Watoto wa mtaani walimwita Mzee Mawimbi. Mimi nilimwita shemeji, na mengine niliyomwita niliyasemea moyoni.

Nyuma ya nyumba alisimamisha mlingoti wa mabomba ya chuma, mrefu kuliko paa lolote pale, na juu yake antena kama mifupa ya samaki. Mlingoti wa namna ile unaita radi. Kwa hiyo pale waya wa antena unapoingia ukutani aliweka kinga: kidude cha chuma, ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni ya bawabu. Siku zote kimekaa tu. Radi ikija, kinaikamata mlangoni na kuitupa kwenye waya mwingine, mnene, wa shaba, unaoshuka hadi ardhini. Ardhi inaimeza. Mtambo unapona, na aliyevaa hedifoni masikioni anapona.

Shemeji aliisifu sana hiyo ardhi yake.

"Shemeji, hapa uani ni mwamba mtupu, haupokei kitu," aliniambia siku moja. "Lakini nimepata ardhi nzuri. Laini. Haikauki hata kiangazi."

Wala sikumwuliza ameipata wapi. Nani anauliza habari za udongo?

Akafa. Presha, hospitalini, mchana kweupe, hakuna la ajabu hapo. Tukamzika kwenye makaburi mapya, upande wa pili wa mji. Hilo liweke akilini.

Mvua zilipoanza, ile kinga ikaanza kuungua. Kila mvua ikipita, asubuhi chumba kinanuka. Si harufu ya plastiki. Ni nywele. Harufu ya nywele zilizoshikwa na moto. Fundi wa kwanza akabadilisha kinga, ikaungua. Akabadilisha tena, ikaungua tena, akaacha kupokea simu. Na mdogo wangu, badala ya kuuzima ule mtambo, akawa hatoki chumbani. Alikonda. Alikuwa hatulii: anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anashika hedifoni, anaziacha, anazishika tena, kama mama mwenye mtoto mgonjwa.

"We una nini?" nikamwuliza.

"Ananiita, dada."

"Nani?"

"Mume wangu."

Ujane una mambo yake, na mwenyewe nimeupitia. Lakini akaongeza, "Anasema ile kinga inamziba. Anataka niitoe, niunganishe waya kwa waya."

Hapo nikasimama. Mtu avae hedifoni kichwani, bila kinga, chini ya mlingoti ule, msimu wa radi? Huko ni kujikaanga ubongo mwenyewe. Nilikuwa nimebakiwa na ndugu mmoja duniani, na sikuwa tayari kumwokota akiwa mkaa. Nikatafuta fundi mwingine.

Huyu walimwita Bisibisi. Mtu wa makamo, tumbo mbele, mdomo mbele zaidi. Tulifika kwa mdogo wangu jua likielekea kuzama. Upepo ulikuwa haujui unakotaka kwenda. Mabati yanalia, yananyamaza, yanalia. Mawingu yalikuwa bado mbali, ila yanakuja.

"Bibi, leo nakufungia kitu mpaka radi yenyewe iombe msamaha," akasema huku akipanda kigoda.

"Funga kwanza, utaimba baadaye."

Akazima swichi kubwa ya nyumba. Akachomoa mtambo. Akaifungua kinga iliyoungua. Ndani mlikuwa na kichupa kidogo, cheupe, kama jino. Akakitoa, akakigeuza. Akakigeuza tena. Na ule mdomo wake ukajifunga.

"Nini?"

"Hii imeungua kwa chini, Bibi."

"Chini, juu, si imeungua?"

"Hapana. Tazama." Upande wa juu, unaoelekea antena, ulikuwa mweupe pee. Upande wa chini, unaoelekea waya wa ardhini, ulikuwa mweusi tititi, umepasuka. "Radi inashuka. Hii... hii imepanda."

Akajitafutia maneno ya kujituliza. Labda ardhi ni mbovu, akasema. Ardhi mbovu inakataa kupokea, na umeme unarudi ulikotoka. Inatokea. Akatoa mita yake, ile ya mshale, akaigusisha kwenye waya wa shaba. Nyumba nzima haina umeme. Mshale ulitakiwa ulale.

Haukulala.

Ulipanda, taratibu. Ukashuka. Ukapanda... ukashuka...

Nimebembeleza watoto na nimekesha na wagonjwa. Najua kitu kinachopanda na kushuka hivyo.

Ni pumzi.

"Mwacheni," ikasema sauti nyuma yetu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasokota ncha ya kanga. "Mnamsumbua."

Bisibisi akafunga kinga mpya haraka haraka, akafuta jasho. "Kinga bila ardhi ya maana ni pambo tu," akaniambia. "Tuufuate huu waya tujue unaishia wapi."

Waya ulishuka ukutani, ukapita nyuma ya jiko, ukapita chini ya tangi la maji, ukaenda hadi ukuta wa nyuma. Nilitegemea kukuta nondo ya kuupeleka umeme ardhini imepigiliwa pale. Haikuwepo. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na waya ulizama humo.

"Upande wa pili kuna nini?"

"Makaburi," nikamwambia. "Ya zamani. Hawaziki tena."

"Bibi! Hukuniambia."

"Hukuuliza. Twende kabla giza halijaingia. Au nikubebee mkoba?"

Tukazunguka kwa lango. Majani yalikuwa yamefika magotini. Bisibisi aliwasha tochi ingawa mwanga bado ulikuwepo, akawa anaimba kitu kisicho na maneno. Hatukutafuta sana. Harufu ilituonyesha. Nywele zilizoungua.

Kaburi lilikuwa limetitia. Halina jina, halina jiwe. Udongo wake mweusi, laini, wenye unyevu. Ardhi nzuri, isiyokauka hata kiangazi. Na pale katikati, pale ambapo kifua cha mtu kinakuwa, ilisimama nondo ya shaba. Waya wa shemeji ulikuwa umefungwa shingoni mwa hiyo nondo.

Nikaelewa hapo hapo. Miaka yote ile. Kila radi iliyopiga mlingoti wa shemeji, kila moto aliojikinga nao ili aulizane upepo na mtu wa mnara wa taa, ulishuka hapa. Kifuani mwa mtu. Mtu asiyetukosea lolote, hatumjui hata jina, amelala zake. Na sisi tunamwagia tu, kama maji machafu ya vyombo.

Udongo kuizunguka nondo ulikuwa umeiva. Mgumu, mwekundu, kama chungu kilichotoka motoni.

"Bibi." Bisibisi sasa alikuwa ananong'ona. "Nondo ya ardhini inapigiliwa yote. Inabaki kidole tu nje."

Ile ilinifika kiunoni.

"Mvua," nikasema. "Mvua inahamisha udongo."

"Mvua inahamisha udongo. Haisukumi nondo."

Tukaitazama. Upepo ulikuwa umenyamaza.

Krrr...

Ikapanda. Kidogo, upana wa ukucha. Na ule mlio ulikuwa wa chuma kinachosugua kitu kikavu, kigumu, chini kule.

Bisibisi alirukia waya kwa plaizi yake. Twa! Ukakatika. Plaizi ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Sikujua mtu mwenye tumbo lile anaweza kuparamia ukuta. Aliparamia. Nikasikia anaanguka upande wa pili, anainuka, anakimbia, na mpaka leo mkoba wake wa vifaa uko kwa mdogo wangu.

Mimi nilibaki, kwa sababu magoti yangu hayajui mbio. Nikaitazama ile nondo.

"Samahani," nikaiambia, kwa sauti ya chini kabisa. Hakuna aliyesikia. Ndilo neno pekee lililonijia. Halafu nikageuka, nikazunguka kwa lango.

Nyumba ilikuwa giza nusu. Swichi kubwa imezimwa, kama tulivyoiacha. Mtambo umechomolewa. Waya wa ardhini umekatwa. Nikajiambia, yamekwisha. Nitamvua mdogo wangu hizo hedifoni, nitamchukua akalale kwangu, kesho tunauangusha huo mlingoti na kuuza vyuma.

Kisha nikamsikia. Alikuwa anaongea chumbani, taratibu, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu akiwa msichana.

"Nimekula... Kidogo tu... Hapana, mgongo leo hauumi sana."

Nikasukuma mlango. Kinga mpya ilikuwa mezani, imefunguliwa. Mdogo wangu alikuwa ameunganisha waya kwa waya, kama alivyoagizwa. Hedifoni masikioni. Mtambo hauna hata kitaa kimoja. Nje, mbali, radi ya kwanza ikanguruma.

"Vua," nikamwambia. "Vua hicho kitu sasa hivi. Huyo si mumeo! Mumeo tumemlaza upande wa pili wa mji. Huyo ni mtu aliyepigiliwa chuma kifuani na mumeo, kachomwa miaka na miaka, na sasa anatafuta njia ya kupandia. Anataka kukuua."

Hakushtuka. Angeshtuka, ningepata nguvu.

"Najua si yeye, dada."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Aliniuliza kama nimekula." Akatabasamu kidogo. "Yule, miaka yote tuliyokaa, umewahi kumsikia akiniuliza?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Mnanijua. Hilo nililikwepa, nikageukia dirisha.

"Radi inakuja," nikasema. "Hakuna kinga. Itakupitia kichwani."

"Anasema haitanigusa. Anasema anajua inavyouma, hawezi kumfanyia mtu."

"Na wewe unamwamini?"

Alikuwa anasikiliza. Kichwa kimeinama upande, vidole vimetulia juu ya meza, na ndipo nilipogundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, mdogo wangu alikuwa ametulia. Kisha akanitazama.

"Anasema anakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kule nyuma ya ukuta. Anasema wewe ndiye wa kwanza kumwomba samahani."

...

Nikarudi nyuma hatua moja, hadi mlangoni.

"Anasema usisimame mlangoni," mdogo wangu akaendelea. "Ukae."

Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Mdogo wangu alikuwa amekalia stuli. Kiti cha shemeji, kile chenye magurudumu, kilikuwa kimesogezwa karibu naye, ubavu kwa ubavu, na mto wake ulikuwa umebonyea. Juu ya ule mto kulikuwa na udongo. Mweusi. Laini. Mbichi.

Radi ya pili ilipiga karibu zaidi. Dirisha likatetemeka. Niliichukua ile kinga mezani, nikaisogeza hadi kwenye mkono wa mdogo wangu, nikaiacha hapo aione. Hakuigusa. Alikuwa anacheka kidogo, kwa kitu alichoambiwa.

Sikukaa. Nikatoka kinyumenyume, nikaurudisha mlango taratibu, kama unavyorudisha mlango wa chumba chenye watu wawili.