Thina Kwenye Chupa ya Maji

Siku za kawaida Jovitha huamshwa na mikokoteni. Nyumba waliyopanga wazazi wake iko mtaa wa pili tu kutoka sokoni Kariakoo, na kabla jua halijapanda vizuri, wasukuma mikokoteni huwa wameshaanza kupiga kelele za "pisha, pisha" kana kwamba barabara ni ya baba zao. Jovitha huamka, hufagia ua, hupanga foleni ya bomba pamoja na wapangaji wengine, kisha humwogesha mdogo wake Jovin. Jovin ana miaka minne na mpaka leo hajaamua kama sabuni ni rafiki au adui.

Desemba ilipofika kazi ziliongezeka na utulivu ukapungua. Baba yao, Polycarp, alikuwa na duka la mabegi Mtaa wa Kongo, na kwa mwenye duka Kariakoo hakuna mwezi wa kukimbizana kama huo. Juu ya hayo, wao ni watu wa Rombo, kule Kilimanjaro. Mtu wa Rombo anaweza kukosa harusi ya rafiki yake na akaomba radhi yakaisha, lakini kukosa Krismasi nyumbani kwao ni jambo la kuelezwa mwaka mzima. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Rombo waliokuwa mtaani hapo walikodi lori moja la Fuso kwa pamoja lipeleke mizigo: mchele, mabati, rangi, godoro la bibi wa huyu na kiti cha babu wa yule. Wenyewe wangefuata kwa basi.

Jovitha, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa hakaliki. Alikuwa akifungua begi lake kutazama gauni la Krismasi, akalifunga, akalifungua tena. Hata chakula alikula amesimama.

Siku moja kabla ya safari, baba yake alimwita kabla hajatoka kwenda dukani.

"Jovitha, kile kibati cha thina kinavuja kwenye mshono. Chumba kizima kinanuka. Kipeleke kwa Zakayo pale duka la rangi akubadilishie. Nimeshaongea naye."

Thina ni yale maji makali ya kuzimulia rangi ya mafuta. Baba alikuwa ameinunua pamoja na rangi ya kijani, kwa ajili ya geti la babu, ambalo kila Krismasi lilipakwa rangi upya hata kama ile ya mwaka jana ilikuwa haijachakaa.

"Sawa, baba."

"Uende mapema. Fuso linapakia saa kumi. Na usikiache chini, Jovin anagusa kila kitu."

"Sawa, baba," alisema Jovitha, na wakati ule alikuwa anamaanisha kabisa.

Baba alikuwa hajafika hata kona ya mtaa Hajira alipoingia uwani. Hajira alikaa nyumba ya jirani na alisoma darasa moja na Jovitha.

"Mambo?"

"Poa."

"Twende Kongo bwana, wamemwaga viatu vya sikukuu chini. Watu wanagombania kama vinatolewa bure. Tukichelewa hatuoni kitu."

"Nimeambiwa nikabadilishe hiki kwanza," alisema Jovitha, akitazama kibati. Duka la Zakayo lilikuwa upande mwingine kabisa, na msimu ule mafundi rangi walijaa pale tangu asubuhi. Angesimama foleni mpaka miguu iote mizizi. Alikigeuza kibati kutafuta panapovuja, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kusoma kila maandishi yaliyopita mbele ya macho yake, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Hatari. Inawaka moto kwa haraka. Weka mbali na watoto. Ikimezwa, usimtapishe mgonjwa. Mwahishe hospitali."

"Nani mwenye akili timamu atakunywa hii?" aliuliza, wakacheka wote wawili.

Kisha akafanya jambo ambalo kwake lilionekana ni ujanja. Alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akaimimina thina yote humo, akaifunga na kuiegemeza nyuma ya boksi la rangi karibu na mlango. Ndani ya chupa ile thina ilikuwa nyeupe, imetulia, huwezi kuitofautisha na maji. Kibati alikitupa kwenye pipa la taka uwani.

"Si umeambiwa ukibadilishe?" Hajira aliuliza.

"Thina ni thina tu. Haivuji tena, yamekwisha."

Mama yake alikuwa uwani, ameinama kwenye beseni anafua mashuka ya safari, na Jovin anacheza na mapovu pembeni yake.

"Jovitha, umeshakwenda kwa Zakayo?"

"Nimeshakwenda, mama."

Uongo ule ulitoka kirahisi mno. Alitoka mbio kabla mama hajainua kichwa.

Mtaa wa Kongo siku ile haukuwa na pa kuweka mguu. Viatu vilikuwa vimemwagwa juu ya maturubai, spika zinanguruma bei, na kina mama wanavuta kiatu kimoja huku na huku. Hajira alijipenyeza kwa raha zake. Jovitha alishika kiatu, akakirudisha. Alishika kingine. Kitu kilikuwa kinamkereketa moyoni na hakutaka kukitaja. Kifuniko alikikaza? Alikumbuka kukizungusha, lakini alikuwa anacheka na kuongea wakati huo. Na jua lilikuwa kali, la kumfanya mtoto yeyote atafute maji.

"Mimi narudi," alisema.

"Sasa hivi? Hata hatujaanza."

Jovitha alikuwa ameshageuka. Alianza kwa kutembea, akaongeza mwendo, na alipofika mtaani kwao alikuwa anakimbia na kugongana na watu.

Alisikia kikohozi kabla hajaingia ndani. Mama alikuwa amepiga magoti chumbani, amempakata Jovin, ambaye alikuwa anakohoa mfululizo na kushindwa kuvuta pumzi vizuri. Machozi na mate vilimtiririka, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani. Pembeni alisimama Bi Paskalina, mpangaji wa chumba cha pili, mama mtu mzima kutoka Masasi ambaye watoto wote wa nyumba ile wamepita mikononi mwake. Alikuwa ameshika kikombe cha maziwa.

"Ni ule ukwaju wa barafu wa barabarani," mama alikuwa akisema. "Nilimkataza. Asubuhi nilimkataza."

"Basi mtapishe, Mama Jovitha. Mtie kidole kooni utoke wote, halafu nimpe maziwa. Maziwa yanaua sumu."

Hakuna aliyeshangaa harufu, kwa sababu chumba kile kilikuwa kinanuka thina tangu jana. Lakini Jovitha aliiona chupa. Ilikuwa imelala kando ya boksi, kifuniko hakipo, na chini pamelowa. Mama na Bi Paskalina walikuwa wameipa mgongo. Mguu wake ukaisukuma chupa chini ya kitanda kabla hajajua anafanya nini.

Aliogopa. Aliiogopa fimbo, akaogopa zaidi uso wa baba yake. Kama angenyamaza, ukwaju ungebeba lawama zote. Lakini mama alikuwa ameshamwinamisha Jovin na kidole kimekaribia mdomo, na yale maneno aliyoyasoma kwa kejeli asubuhi yalimrudia moja moja. Usimtapishe mgonjwa. Pale chumbani ni yeye peke yake aliyeyajua, na hakuwa na namna ya kuyasema bila kujitaja.

"Mama, usimtapishe," alisema. "Amekunywa thina."

Mama aligeuka. "Thina gani? Si umerudisha kwa Zakayo?"

"Sikwenda, mama. Nilikudanganya. Niliimimina kwenye chupa ya maji, chupa yenyewe hii hapa." Aliivuta kutoka chini ya kitanda, huku analia. "Kwenye kibati wameandika asitapishwe. Akimbizwe hospitali."

Bi Paskalina alisita na kikombe chake. "Mimi maisha yangu yote nimeona mtu wa sumu anapewa maziwa."

"Imeandikwa, bibi. Naapa nimeisoma."

Ulipita muda mfupi ambao Jovitha hatausahau. Mama alimtazama yule binti aliyemdanganya asubuhi hiyohiyo, akawa anapima kama amwamini sasa. Kisha akasimama na mtoto mkononi.

"Kilete hicho kibati. Na chupa. Bi Paskalina, niitie Bakili."

Jovitha alipindua pipa la taka uwani kwa mikono yake. Bakili, kijana wa chumba cha mwisho aliyeendesha bajaji, hakuuliza nauli wala habari. Waliingia barabarani, na barabara ilikuwa imeziba kwa mikokoteni, marobota na watu wa sikukuu. Bakili alipiga honi mpaka ikaanza kukoroma, akashuka mara mbili kusukuma mkokoteni wa mtu kwa bega lake. Jovin aliendelea kukohoa, kisha akaanza kusinzia, na kusinzia kule kulimtisha Jovitha kuliko kikohozi. Alimwita jina njia nzima.

Hospitalini walipokewa na muuguzi aliyeitwa Sista Celina, mwanamke mwembamba wa mwendo wa haraka.

"Amekunywa nini?"

"Thina, sista," alijibu Jovitha kabla ya mama, akampa kibati na chupa.

"Mmemtapisha?"

"Hapana."

"Mmempa maziwa, mafuta, chochote?"

"Hapana."

"Afadhali." Alikuwa ameshaanza kumvua Jovin shati lililolowa na kumwosha kifua kwa sabuni. Daktari akaja, mtoto akawekewa hewa ya oksijeni na kupelekwa kupigwa picha ya mapafu. Mlango ukafungwa.

Kusubiri ni kazi ngumu kuliko kufagia ua mzima. Jovitha alikaa, akasimama, akahesabu vigae, akasahau alipofikia. Baba alifika anahema, jasho limemlowesha. Mama alimweleza yote, na Jovitha alitazama sakafu akisubiri kelele ambazo hazikuja. Baba alikaa kwenye benchi, akashika kichwa. Simu yake iliita. Alikuwa ni dereva wa Fuso, anauliza mzigo.

"Nendeni tu," baba alimjibu. "Sisi hatuji."

Jovitha alitamani angepigwa.

Daktari alisema thina kidogo ilikuwa imefika kwenye mapafu, na mtoto asingeweza kutoka mpaka waone anapumua vizuri mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, saa ambayo basi lao lilikuwa linaondoka stendi, wao walikuwa wodini. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Kufikia mchana Jovin aliondolewa oksijeni, na kitu cha kwanza alichodai ni chapati. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Sista Celina alimpima, akamgeukia Jovitha. "Wewe ndiye uliyemimina?"

"Ndiyo, sista."

"Na wewe ndiye uliyesema?"

"Ndiyo."

"Basi nisikilize, nawe ukawasimulie wenzako. Kila msimu wa sikukuu tunaletewa watoto kama huyu. Watu wana pilika, wanapaka rangi, wanafua, wanafungasha, na kila mmoja ana haraka zake. Mafuta ya taa yanawekwa kwenye chupa ya soda, dawa ya choo kwenye chupa ya maji. Mtoto mdogo hasomi. Anachokijua ni kwamba chupa ya maji ina maji. Kitu cha sumu kikae kwenye chombo chake chenye maandishi yake, kifungiwe juu, mtoto asikofika. Na vitu hivi vikimezwa, ukimtapisha mtu, vinapanda tena na kuingia kwenye mapafu vizuri zaidi. Maziwa nayo huenda yakamtapisha. Mlete hapa haraka, uje na chombo chenyewe. Jana ungenyamaza dakika chache tu, leo ningekuwa naongea na wazazi wako maneno mengine."

Jovin alimvuta Jovitha mkono.

"Dada, nataka maji."

Chupa ya maji ilikuwa mezani, mpya, haijafunguliwa. Jovitha aliifungua, akamimina kwenye kikombe na kumpelekea. Jovin hakukipokea. Alikitazama kikombe, akamtazama dada yake, ingawa siku zote alikuwa anapokea chochote kutoka mkononi mwake bila kuuliza.

"Ni maji?" aliuliza.

Fimbo isingeuma vile. Alikinywa kikombe kile mbele yake mpaka nusu, taratibu, akafungua mdomo Jovin aone. "Ni maji, mdogo wangu."

Jovin alifikiri kidogo, akapokea, akanywa.

Baba alikuwa ameona yote kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuja, akamwekea binti yake mkono begani.

"Krismasi ya Rombo itakuja mwakani, na geti la babu litasubiri," alisema. "Uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, mwanangu, na umeona ulikotufikisha. Ukweli wako nao ulikuwa mgumu, lakini ndio uliompa mdogo wako pumzi. Mimi nimeshakusamehe. Yeye hajui kusamehe, yeye anajua kuogopa tu. Kwa hiyo utamwonjea maji kila atakapokuuliza, na hutamkasirikia, mpaka siku atakapoacha kuuliza mwenyewe."

"Sawa, baba," alisema Jovitha, akamimina kikombe cha pili.